Rangi Kumi na Moja za Dulabu la Mama

Malakia, Juba
14 Novemba 1976

Mdogo wangu mpendwa Cirillo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi kaka yako, kutoka kwa shemeji yako Teresa, na kutoka kwa mtoto wetu Goretti, ambaye sasa anatembea na kuvunja kila anachokifikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono ikiwa na grisi na tumbo likiwa na chakula. Sisi huku ni wazima isipokuwa mmoja. Habari zake nitakupa kwa utaratibu, kwa hiyo naomba usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiiruka katekisimu.

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Julai. Barua yako ya Agosti niliipata, pamoja na ile picha uliyopiga mbele ya gereji, umevaa ovaroli mpya. Umenenepa. Picha hiyo ilikaa mfukoni mwa koti langu siku nne kabla sijampa Mama, na sababu yake utaiona mwenyewe huko mbele. Nilipompa aliisogeza karibu kabisa na uso, akaigeuzageuza kuelekea mwanga wa mlangoni, kisha akaniuliza kama masikio yako bado yamesimama vile vile. Nikamwambia ndiyo, yamesimama. Akacheka mpaka jioni. Mimi hajawahi kuniuliza habari za masikio yangu.

Leo nataka kukuandikia habari za dulabu. Sijui kama unalikumbuka. Ni lile kabati la marehemu baba, la droo nne na miguu mifupi iliyopinda, lililosimama chumbani kwa Mama upande wa dirisha. Wewe ulikuwa ukivuta droo ya chini na kukaa ndani yake, ukituambia hilo ni lori na wewe unakwenda Yei. Baba alilitengeneza kwa mikono yake mwaka aliomwoa Mama, kwa mbao za mahogani, na hakugonga hata msumari mmoja. Pembe zote zimeumana kwa meno ya mbao yenyewe. Nakuambia kama fundi. Unajua kwamba pale Jinja nilipiga polishi vitu vya matajiri kwa miaka sita, meza za kulia watu ishirini, na sikuwahi kuona droo zinazoingia na kutoka kimya namna ile.

Jinsi mimi na wewe tulivyoondoka mwaka wa sitini na tano unaijua, maana ulikuwepo mgongoni kwangu. Tulikuwa Gumbo kwa mama mdogo, tunavuna karanga, na huku Malakia, upande huu wa mto, kulikuwa kunaungua. Siku hizo daraja halikuwepo, na pantoni ilikuwa imesimamishwa, basi Mama akabaki huku na sisi tukashika njia ya Nimule kuingia Uganda. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa mzito kuliko unavyodhani. Naomba hilo ulikumbuke unaposoma yanayofuata.

Usilolijua ni jinsi Mama alivyobaki. Wiki zile watu wenye bunduki walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba na kubeba kila chombo kizuri. Mama alikuwa na nusu debe la rangi ya kijivu, masalio ya kazini kwa baba. Akachukua tambara, akalipaka dulabu zima ovyoovyo kwa makusudi, mbao, vishikizo vya shaba na yote, mpaka likawa kitu cha kutia aibu. Wakaja mara mbili. Walibeba kitanda, wakabeba kioo, wakabeba hata sufuria iliyokuwa jikoni na maji ndani yake. Dulabu wakaliacha, na mmoja wao alimwuliza Mama kwa nini asilichanje kuni.

Krismasi ilipofika akalipaka tena, safari hii kijani, na tangu hapo kila Krismasi hakukosa. Rangi alikuwa akiomba popote: bluu ya mlango wa kanisa, nyekundu ya mabati, rangi ya maziwa ya kuta za hospitali, bluu nyingine aliyoizimua kwa mafuta ya taa mpaka ikawa kama maji ya sabuni. Mwaka wa mkataba wa amani akapata manjano. Na alikuwa na namna yake ya kupaka. Kwenye kona ya droo ya juu, kila rangi mpya aliianzisha mbele kidogo ya ile ya zamani, upana wa ukucha tu, hivyo rangi zote zikabaki zinaonekana pale, moja baada ya nyingine, zikishuka kama ngazi. Hasomi wala haandiki, wewe unajua. Ukimwuliza kifo cha fulani kilikuwa lini, anakwenda kwenye kona ile, anahesabu kwa ukucha, halafu anakuambia ni mwaka wa nyekundu.

Mimi niliporudi Machi ya sabini na tatu nikalikuta dulabu la baba limevaa matambara hayo yote, na roho iliniuma kama fundi. Nikamwambia Mama anipe wiki mbili tu, nitalirudisha lilivyokuwa. Akakataa. Nikadhani ni uzee na mazoea, nikanyamaza. Nilifungua karakana yangu hapa hapa Malakia, nyuma ya duka la Severino, nikaoa, na siku zikaenda.

Sasa sikiliza. Krismasi ya mwaka ule ule, ya kwanza tangu nirudi, nilitoka karakana nikamkuta Mama amepiga magoti mbele ya dulabu na kopo la rangi nyeupe. Nikamwuliza kwa nini anapaka tena. Vita vimekwisha, na mwanaye amerudi, si huyu hapa amesimama mlangoni. Hakuinua hata kichwa. Alinijibu kwa Kiarabu chake cha Malakia, “Lisa wahid,” yaani bado mmoja, akaendelea kupaka.

Cirillo, nitasema bila kuzunguka. Nilikuonea wivu siku ile, na sijaacha. Nilirudi kwa miguu yangu, na hela zangu zote za Jinja ziliishia kwenye paa lake, na mke nikaoa yule aliyempenda yeye. Lakini chakula kikiwa kitamu anasema Cirillo angekipenda. Mvua ikinyesha anauliza kama na Jinja inanyesha. Wageni wakija anawaambia ana mtoto Uganda anayetengeneza injini, halafu anakumbuka kuwa niko pale pale, anaongeza kwamba na huyu pia ni mtoto. Nilimletea sukari kilo mbili wakati sukari ilikuwa haionekani sokoni. Akaishika, akasema wewe ulikuwa ukilamba sukari kiganjani. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la karakana na sikufanya kazi tena siku hiyo.

Nyeupe ikafuata nyeupe. Krismasi ya sabini na nne, Krismasi ya sabini na tano. Kila nikipita chumbani naziona zile ngazi tatu za mwisho kwenye kona ya droo, zote tatu zimepakwa mimi nikiwa nyumbani. Nilizichukia kuliko nilivyowahi kuchukia rangi yoyote, nami nimeshika rangi mbaya nyingi maishani.

Septemba mwaka huu Mama alivuka daraja akaenda Gumbo kumsaidia mama mdogo kuvuna karanga. Alikaa wiki tatu. Siku ya pili tu nililitoa dulabu nje, nikaliweka kwenye kivuli cha karakana, nikalivua droo zote. Teresa alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, akaniuliza kama Mama anajua. Nikamwambia atafurahi akiliona. Akaingia ndani.

Nilitumia kostiki ile ya kutengenezea sabuni kwenye mbavu na juu, na kwenye kona na kingo nikatumia kipande cha kioo, maana kostiki inakula mbao ukiiachia. Sitaki kukudanganya, ilikuwa raha. Nyeupe tatu zilitoka kwanza, zikijikunja kama maganda ya kitunguu, na kila moja iliponibandukia mkononi nilikuwa nikikusema kwa jina. Kisha ikaja manjano, ikaja bluu ile ya majimaji, ikaja kijani, mpaka nikafika kwenye kijivu. Pale kwenye kona ya droo ya juu niliona kwamba kila rangi iliyokuwa juu ya kijivu ilikuwa na vidonda vidogo vya ukucha. Kwenye nyeupe kulikuwa na kidonda kimoja kimoja. Kuanzia manjano kushuka chini vilikuwa viwili viwili. Nilitikisa kichwa. Nilijua anapima kama rangi imekauka, kama wafanyavyo wote wasio mafundi, halafu anapima tena kwa kukosa subira. Nikasema angalau miaka ya mwisho amejifunza kupima mara moja. Nikaparua mpaka kona ikawa laini.

Chini ya vyote hivyo nikaikuta mbao ya baba, nyekundu, na mistari yake imelala upande mmoja kwenye droo zote nne, maana alizikata kwenye ubao mmoja. Nikapiga msasa siku tatu. Nikayeyusha shelaki, ule utomvu wa kung'arishia mbao, kwenye spiriti, nikapaka kwa pamba iliyofungwa kitambaani, mzunguko mdogo mdogo, mara ishirini na zaidi, nikisubiri kila mara ikauke, kama nilivyofundishwa. Lilipokwisha ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye droo. Severino alikuja kutoka dukani akalizunguka mara mbili, akasema, “Hii dulabu iko muzuri sana, fundi, hata gavana hana kama hii.” Watu wa soko walikuja kulitazama. Nikalirudisha chumbani, nikaliweka pale pale dirishani, nikawa nahesabu siku za Mama kurudi.

Alirudi Jumamosi na gunia la karanga. Hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Jicho la kulia la Mama limekufa, sasa mwaka wa pili. La kushoto linaona, lakini kama mtu anayetazama kupitia moshi. Ni ugonjwa ule unaoletwa na inzi wa mtoni. Daktari wa hospitali alimwangalia mwezi wa Mei, akasema la kulia hakuna la kufanya, na la kushoto linalifuata. Linaweza kufika mvua zijazo na linaweza lisifike.

Basi ule mng'ao wangu wote hakuuona. Alifanya kile anachofanya kila akitoka safari, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya droo ya juu na ukucha wake. Ukucha ukateleza. Akaujaribu tena. Akapitisha mkono juu, mbavuni, kwenye vishikizo, akarudi kwenye kona. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, dulabu lake nimempa nani.

Nikamweleza kwamba ni lile lile, ni la baba, nimelifanyia kazi wiki mbili bila kupokea kazi nyingine. Nikamshika mkono nikampitisha kwenye meno ya pembe ili aamini. Alikaa kitandani. Alisema mbao ya baba yenu ni nzuri. Kisha akaanza kumenya karanga alizokuja nazo, akazimenya mwenyewe mpaka zikaisha.

Tangu siku ile akaanza kupotea kwenye miaka. Asubuhi anamwuliza Teresa ni Krismasi ngapi, Teresa anamwambia kumi na moja, na kesho yake anauliza tena. Jirani alimtaja marehemu mume wake mwenyewe, Mama akainuka kwenda kwenye kona kuhesabu mwaka, akafika nusu ya chumba, akarudi kukaa. Niliona haya yote. Na badala ya kumwonea huruma, Mungu anisamehe, nikazidi kukasirika. Wiki ya pili nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mbona analia matanga ya rangi, na rangi zenyewe zote zilikuwa za Cirillo.

Akaniuliza nani kaniambia zilikuwa za Cirillo.

Nikamkumbusha alivyonijibu mwenyewe. Akasema ndiyo, alinijibu hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto. Kila Krismasi alipomaliza kupaka, kabla rangi haijakauka, alibonyeza ukucha kwenye kona, mara moja kwa kila mtoto ambaye hakuwepo. Miaka minane alibonyeza mara mbili. Cha kwanza kilikuwa changu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na cha pili chako. Niliporudi akaacha changu, akabaki na chako peke yake, na Krismasi ile ya nyeupe ya kwanza alicheka peke yake pale sakafuni kwa kuwa ukucha ulikuwa na kazi ya mara moja tu. Akasema alidhani ninajua. Akasema fundi aliyesoma mpaka Jinja angewezaje kuona viwili vikageuka kimoja asijiulize.

Nilikuwa nimeona, Cirillo. Niliona vidonda viwili vikageuka kimoja, na nikamcheka kwa kutojua kupima rangi. Miaka minane ya kunisubiri mimi, mimi Ezbon, niliiparua kwa kipande cha kioo huku nikilitukana jina lako.

Nilikwenda kwenye shimo la takataka nyuma ya karakana nikachimba kwa mikono. Maganda ya rangi nilikuwa nimeyachoma karibu yote. Nilipata kipande kimoja cha manjano, kidogo kuliko kibiriti, kina alama mbili kama miezi miwili michanga. Nimekiweka kwenye kopo la misumari midogo. Sikutumii. Hicho ni changu, na ukitaka kukiona utakuja kukiona.

Sasa nimefika kwenye lililonifanya nishike kalamu, nami nimelizunguka kurasa tatu. Unakumbuka barua zote nilizokuandikia tangu nirudi ambazo ndani yake niliweka maneno ya Mama. Anasema maneno yake, mimi naandika kwa Kiswahili chetu cha Jinja. Uliandikiwa kwamba Mama anasema umalize kwanza shule. Kisha kwamba Mama anasema umalize ufundi, nyumba ni ndogo, Juba hakuna kazi. Pasaka iliyopita uliandikiwa kwamba Mama anasema usihangaike na safari, pesa ya nauli ununulie vyombo vya kazi. Mama hakusema hata neno moja katika hayo. Kila mara alisema uje. Alisema uje akuone. Baada ya jicho la kulia kufa alisema uje kabla ya la kushoto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na magoti yangu, akisubiri kalamu yangu inyamaze ndipo aendelee, na mimi niliandika usije. Halafu aliniomba nimsomee, nikamsomea alichosema yeye, si nilichoandika.

Na wewe uliniuliza katika barua ya Agosti umemkosea nini Mama mpaka hataki kukuona. Sehemu hiyo sikumsomea. Nilimpa picha tu, tena baada ya siku nne.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua ukishuka kwenye lori pale Gumbo, sitakuwa tena mtoto wa mtu yeyote. Niliona heri abaki akikungoja na mimi nibaki peke yangu nyumbani, hata kama hanitazami. Nilikuwa na mama nusu na nikaogopa kupoteza nusu hiyo. Sikuandiki ili unielewe. Mimi mwenyewe nikilisoma hapa naona ni jambo la mtu mwenye roho mbaya.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilimwambia yote. Teresa alikuwepo, nilimwomba awepo ili nisije nikapunguza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba wewe unaamini hataki uje. Nikasema ndiyo. Akageukia ukuta, na siku hiyo yote hakula.

Jumatatu asubuhi akaniita. Alisema anataka dulabu lipakwe, na lipakwe kijivu kama mara ya kwanza, na hatangoja Krismasi. Wewe si fundi wa mbao, kwa hiyo nikueleze kwamba rangi haishiki juu ya shelaki. Ilinibidi nichukue msasa na kuikwaruza kazi yangu mwenyewe, ule mng'ao wote, mpaka ukawa kama vumbi. Severino alipita akashika kichwa, akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikapaka kijivu, na pale kwenye kona ya droo ya juu nikaacha upana wa ukucha bila kuambiwa.

Nilipomaliza nikamwongoza Mama mpaka kwenye kona. Akabonyeza ukucha. Nikafikiri amemaliza, nikataka kumrudisha kitandani. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, akapapasa pembeni ya ile alama ya kwanza, akabonyeza tena. “Lisa tinen,” akasema. Bado wawili.

Nikamwambia, Mama, mimi niko hapa. Akasema wa Jinja anajua mahali alipo, na njia yake anaijua. Ni huyu wa hapa, akasema, ambaye yeye bado anamngoja arudi.

Basi ndugu yangu, fanya hivi. Chukua basi mpaka Gulu, na kutoka Gulu uliza malori ya Nimule. Yanaondoka Jumanne na Ijumaa alfajiri. Ukishuka Gumbo usingoje gari, vuka daraja kwa miguu, ni jipya na ni imara, na mimi nitakuwa upande huu kuanzia tarehe kumi Desemba, kila siku ya lori. Ukitaka kunipiga, nipige pale pale darajani, tusije tukampigia kelele nyumbani. Nakuambia ukweli, bado nina wivu. Najua atakavyocheka akishika masikio yako, na najua nitatoka nje nikasimame karakana. Lakini nitarudi ndani.

Shemeji yako Teresa anasema uje na nguo za baridi kidogo, asubuhi za Desemba huku zina upepo. Goretti hana la kusema ila amepaka kalamu kwenye kona ya karatasi hii, utaiona. Wasalimie wote wa gereji, na yule mama aliyekuwa akitugawia mihogo, kama bado yuko.

Mama amekaa hapa kwenye kigoda, karibu na magoti yangu, anangoja kalamu inyamaze. Nimemsomea barua yote kwa Kiarabu, kuanzia juu, na sikuruka kitu. Nimemwuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza: “Tal beit, ya Cirillo.” Njoo nyumbani.

Ni mimi, kaka yako niliyekubeba hadi Nimule,

Ezbon